Ufa kwenye Bomba la Juu

Makambako,
9 Juni 2025

Mwalimu Mtewele,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mama Jasmine mnaivumilia baridi ya Mjimwema. Huku Makambako upepo ni ule ule, unatia vumbi mpaka kwenye chai.

Boksi analokuletea Mudy, konda wa kosta, lina fremu ya baiskeli. Ukilinyanyua utadhani limesahauliwa kujazwa. Fremu ni ya kaboni, haifiki hata kilo moja na nusu. Nimeiagiza China kwa mtandao, haina jina la kampuni yoyote, na ndiyo maana niliiweza. Nataka kuunda baiskeli ya kukimbilia barabara za changarawe: tairi pana, breki za diski, usukani uliopinda kama pembe za kondoo. Vitu vingine ninavyo kwenye duka langu la spea.

Nikueleze kwa nini. Mwaka jana niliingia mashindano ya Njombe hadi Matembwe na kurudi, kilomita mia moja na kumi za udongo, mwisho wa muda ni saa nane tangu kuanza. Nilipanda baiskeli ya baba ya chuma, isiyo na gia. Nilifika kwa saa nane na dakika ishirini na tatu, nikawakuta wanakunja turubai. Kwenye matokeo wakaandika: "Wanawake: hakuna." Mwaka huu waandaaji wamesema wazi kwamba kama hakuna mwanamke atakayemaliza ndani ya muda, kundi la wanawake linafutwa. Mashindano ni Jumamosi tarehe 23 Agosti.

Sasa tatizo. Pale pedeli zinapozungukia pana pete ya alumini yenye nyuzi za kufungia, kama za skrubu. Waliopaka rangi wamepaka mpaka humo ndani, beringi haziingii. Mimi sina kifaa cha kuchongea nyuzi, wewe unacho, tena una meza ya kazi na jiliwa la kubania. Nisafishie nyuzi tu, mengine nitayafanya mwenyewe.

Nakuandikia barua kwa sababu ulituambia kidato cha pili kwamba maelekezo ya simu husahaulika kabla ya salio kuisha.

Mwanafunzi wako,
Hamisa Abasi

*

Mjimwema, Njombe,
13 Juni 2025

Mwanangu Hamisa,

Marahaba. Kamwene. Tunaendelea vizuri, ingawa asubuhi hizi nyasi zinaamka nyeupe kwa jalidi na mke wangu, mama yako Ema, haniruhusu kutoka bila koti.

Fremu imefika, na nyuzi nimezisafisha. Kabla sijaendelea, nikueleze kidogo kuhusu kaboni, maana mtu asipande kitu asichokielewa. Chukua kamba za katani, zipange upande mmoja, zimwagie gundi, uache ikauke. Ukizivuta kwa urefu hazikatiki. Ukizikamua kwa ubavu, zinaachana. Kaboni ni vivyo hivyo. Mabomba ya fremu yako yana kuta nyembamba kama ganda la yai, na kila uzi umelazwa kufuata njia ya uzito wa mpandaji. Chuma hukuonya, hupinda kabla ya kukatika. Kaboni haionyi.

Nayasema haya kwa sababu kwenye bomba la juu, karibu na katikati, umeonekana ufa. Urefu wake ni kama kidole changu cha shahada. Ukibonyeza pale panaingia ndani kidogo. Fremu ya namna hii ikisafirishwa yaweza kupata madhara kwa mgandamizo mdogo sana, ambao juu ya chuma usingeacha hata alama.

Usikate tamaa. Kaboni hutengenezeka, na nitakuchorea namna yake. Hesabu siku: tunazo sabini na moja.

Mimi mwalimu wako,
Methusela Mtewele

*

Makambako,
17 Juni 2025

Mwalimu,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa chini.

Fremu ile ilikuwa nzima. Kabla sijaifunga kwenye boksi niliigonga yote kwa sarafu ya mia mbili, bomba kwa bomba, na kila mahali ililia sauti moja. Kwa hiyo imepasukia njiani. Nilikwenda stendi moja kwa moja.

Nikamwambia, "Mudy, ulilikalia boksi langu?"

Akasema, "Dada Hamisa, mimi nikalie mzigo wako, mimi kuku?"

Stendi nzima ikacheka. Mimi sikucheka. Nikamwambia ukweli wake mbele ya watu: kwamba anarusha mizigo ya wenzake kama viazi, na kwamba mzigo wangu asiushike tena. Akaapa kwa mama yake. Nikamwambia mama yake hakuwemo kwenye kosta.

Barua hii anakuletea mama mmoja anayekuja kuuza vitunguu.

Mwalimu, sina fremu nyingine wala siku za kuagiza nyingine. Wanawake tuliojiandikisha ni wanne, na watatu wanapanda baiskeli kama ile ya baba. Mmoja ni Letisia, mhudumu wa afya kutoka upande wa Ilembula, ameniambia, "Dada, wewe ukimaliza umetumalizia wote." Niambie tunaanza na nini.

Hamisa

*

Mjimwema,
7 Julai 2025

Mwanangu Hamisa,

Umesubiri barua hii wiki tatu nzima, nisamehe. Sikutaka kukuandikia maneno kabla ya kuwa na kazi.

Nina mwanafunzi wa zamani, Anderson, ambaye sasa anatengeneza miguu bandia. Kitambaa cha kaboni wanachokatia soketi za miguu, zile zinazovikwa kwenye kigutu, ni kile kile cha baiskeli. Amenitumia vipande vilivyobaki, pamoja na gundi yake ya chupa mbili. Alipouliza ni cha mgonjwa gani, nikamwambia ni wa miaka sufuri na ana miguu miwili ya mpira.

Kazi nimeifanya hivi. Nilitoboa tundu dogo kila ncha ya ufa, usiendelee kutambaa. Nikasugua rangi kwa msasa kuzunguka bomba, upana wa kiganja, nikishuka polepole kama mteremko wa mtaro wa shamba, ili kitambaa kipya kishikane na cha zamani pasipo ngazi. Nikazungusha tabaka tano: la kwanza fupi, kila linalofuata refu kidogo. Juu nikakaza kwa utepe wa mpira.

Lakini gundi hii inataka joto la nyuzi ishirini na tano au zaidi ili ikauke. Hapa kwangu mchana ni kumi na nne. Baada ya siku tatu ilikuwa bado inanata kama asali. Nikavua yote, nikafuta, na jana nimeanza upya. Moto wa jikoni haufai, una moshi na unapanda na kushuka. Nahitaji joto lililotulia siku mbili mfululizo. Natafuta.

Kuhusu Mudy, tusiharakishe kumhukumu. Mambo ya vyombo yana sababu nyingi.

Methusela Mtewele

*

Makambako,
12 Julai 2025

Mzee Mtewele,

Shikamoo mzee wangu. Mimi ni Mudy, konda. Mwandiko unisamehe, kazi yangu ni kuita abiria.

Nimeandika kwa sababu nikikupigia utanieleza mpaka nikubali. Mzee, tangu Hamisa aseme yale stendi, wauza spea watatu wameacha kunipa mizigo. Kuna jamaa hapa ananiita Kalia-Boksi. Watoto wa shule nao wameshalijua.

Lile boksi sikuliweka juu ya keria. Nililipakata mapajani kutoka Makambako mpaka Njombe. Bibi mmoja akaniuliza, "Kaka, mtoto mbona halii?" Nikamwambia amelala.

Nilipofika kwako ulilifungua mimi nikiwa nimesimama. Uliigonga kwa kidole, kila bomba, ukasema, "Sikia Mudy, inalia kama ngoma mpya." Ulifurahi, ukanipa chai na viazi. Nauliza tu, mzee, wewe ndiye msomi. Ngoma iliyopasuka inalia hivyo?

Sitaki ugomvi. Nataka jina langu.

Mudy

*

Mjimwema,
14 Julai 2025

Hamisa mwanangu,

Barua hii ina kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza nakuomba uusome stendi kwa sauti, Mudy akiwepo na wauza spea wakiwepo. Wa pili ni wako peke yako.

UKURASA WA KWANZA. Mimi, Methusela Mtewele, mwalimu mstaafu wa Mjimwema, niliipokea fremu ya Hamisa kutoka mikononi mwa Mudy ikiwa nzima kabisa. Niliigonga mbele yake na haikuwa na ufa. Kesho yake nilitaka kusafisha nyuzi, nikaibana fremu kwenye jiliwa kwa bomba la juu, nikiwa nimelizungushia kipande cha mpira, kama nilivyobana fremu za chuma kwa miaka arobaini. Nikakaza. Ikalia "ta!" Ni mkono wangu ulioipasua. Mudy hana kosa hata moja. Mtu yeyote anayemwita jina baya kwa ajili ya jambo hili, jina hilo alilete kwangu.

UKURASA WA PILI. Mama yako Ema alikuwa anaanika nguo, akauliza, "Baba Jasmine, nini hicho?" Nikamwambia, "Mbao." Uongo ulianzia hapo, neno moja. Kwako sikuandika uongo. Niliandika "umeonekana ufa". Nimefundisha miaka mingi kiasi cha kujua namna ya kupanga sentensi ili asiwepo mtendaji. Wewe ulimtafuta mtendaji kwa haki, na mtu pekee niliyekuachia alikuwa Mudy.

Tena nilikueleza vizuri kwamba kaboni haitaki kukamuliwa kwa ubavu. Hilo nililisoma usiku ule, baada ya kuikamua. Mzee kukosa si ajabu. Nilichokiogopa ni wewe kujua kwamba mwalimu uliyemwamini hakuijua kaboni kuliko wewe. Barua ya Mudy ilinifikia Jumamosi. Jumapili kanisani, tulipofika kwenye ungamo, sikuweza kusema pamoja na wengine. Niliporudi nilimwambia Ema kwanza. Akasema, "Mbao ile nilijua ni ya China."

Habari ya fremu. Ema ana banda la kulelea vifaranga, lina taa na kipimajoto, nyuzi thelathini na mbili kwa siku zote. Vifaranga mia mbili wanafika Ijumaa, na kabla ya hapo banda huwashwa likiwa tupu. Amenipa mpaka Alhamisi asubuhi, akisema harufu ya gundi ikibaki humo, nitawalea mimi chini ya koti langu. Fremu imelala humo tangu jana. Leo nimeigusa: ngumu kama pembe.

Unaweza kuamua usiipande. Ukiamua hivyo nitakuelewa, wala sitakueleza.

Methusela Mtewele

*

Makambako,
19 Julai 2025

Mwalimu,

Shikamoo.

Nimesoma ukurasa wa kwanza stendi, saa nne, kosta mbili zikiwa zimesimama. Nilipomaliza, Mudy akasema, "Rudia, muuza chipsi alikuwa hajafika." Nikarudia. Halafu nikamwomba radhi, na hilo nililisema kwa sauti kubwa kuliko barua yako. Mudy akasema, "Dada, mimi na wewe yameisha. Mzee bado."

Nami nasema bado. Nilikasirika siku mbili. Ungeniambia tarehe kumi na tatu Juni kwamba umebana ukapasua, ningelia, halafu tungecheka. Ulivyofanya, nimemwaibisha mtu aliyepakata mzigo wangu kama mtoto.

Kuhusu kuipanda. Kuna mteremko kabla ya Matembwe ambao malori ya magogo yameukata makorongo. Huko nitakuwa nakwenda mbio kuliko gari, na bomba lile likiachia, sina pa kuangukia isipokuwa mawe. Nimeulizwa na baba yangu, na nimejiuliza mwenyewe: nani amethibitisha? Mtengeneza gundi? Kipimajoto cha vifaranga?

Kwa hiyo tumekubaliana mimi na Mudy. Leo anakuletea magurudumu, usukani, cheni, breki na siti, kila kitu. Unganisha. Kisha uipande wewe mwenyewe, kwenye mteremko atakaouchagua Mudy. Ikikubeba, nitaipanda. Kama huwezi kuipanda wewe, usinipe mimi.

Beba na mfuko wa mchanga mgongoni. Mimi nina kilo sitini na tisa, na wewe umekonda.

Hamisa

*

Mjimwema,
2 Agosti 2025

Mwanangu Hamisa,

Umenitendea haki. Sharti lako lilikuwa ndilo sharti ambalo ningemwekea mwanafunzi.

Kuunganisha kulinichukua siku nane. Safari hii kila skrubu nimeikaza kwa spana yenye kipimo cha nguvu, niliyoazima gereji, na fremu niliitundika kwa kamba kwenye boriti. Jiliwa halikuiona tena. Bomba la siti sikulipaka grisi, maana kaboni yenye grisi huteleza, na fundi aliyezoea chuma atalikaza mpaka livunjike. Huyo fundi namfahamu.

Leo asubuhi Mudy alifika. Akanizungusha kwa pikipiki nusu saa nzima akikagua milima kama anayenunua ng'ombe. Mwishowe akachagua njia ya malori inayoshuka kwenye mashamba ya misonobari hadi mtoni. Mteremko huo ukitembea mita kumi mbele, umeshuka zaidi ya moja. Makorongo yake yanaweza kuficha mbuzi. Nilivaa kofia ya bodaboda na koti, mchanga kilo kumi mgongoni. Mama yako Ema alikuja, akasimama juu, akageukia upande wa misonobari, akasema, "Mkimaliza mniambie kama mimi ni mjane."

Nina miaka sitini na saba, Hamisa. Nilikuwa sijapanda baiskeli tangu nistaafu. Mita hamsini za kwanza nilishika breki zote mbili. Ndipo nikafahamu kwamba nikienda hivi sipimi kitu. Bomba linapimwa kwa mitetemo, na mitetemo ni mwendo. Nikaachia. Kwenye korongo la kwanza meno yaligongana. Kwenye la pili nilikuwa hewani, mimi na mchanga. Nilitazama lile bomba kuliko nilivyoitazama njia, jambo ambalo usilifanye kamwe. Halikutoa hata mlio.

Chini nilimkuta Mudy amekunja mikono.

"Mwalimu, hiyo ilikuwa yako. Rudia, sasa ya Hamisa."

Nikapanda nikiisukuma, nikashuka tena.

"Sasa yangu," akasema.

Ya tatu ndiyo niliyoshuka kwa kasi zaidi, kwa kuwa ndiyo niliyodaiwa zaidi. Nilipofika, Mudy alipiga magoti akapitisha kidole kuzunguka kiraka, taratibu, kama mtu anayetafuta mwiba. Kisha akaninyang'anya mfuko wa mchanga, akaubeba yeye mpaka juu. Njiani akaniuliza, "Kwani mzee, ile gundi inakaukaje?" Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho.

Baiskeli inarudi naye kesho. Nimeigonga nzima kwa sarafu mbele yake. Sasa igonge wewe.

Methusela Mtewele

*

Makambako,
25 Agosti 2025

Mwalimu wangu,

Shikamoo sana wewe na Mama Jasmine. Najua ulikuwa pale mwisho na umeyaona ya mwisho, lakini ya katikati hukuyaona, na hayo ndiyo ninayokuandikia.

Kwenda nilikuwa vizuri mpaka kilomita ya arobaini. Hapo tairi la nyuma likapasuka kwa jiwe. Nililibadilisha, lakini pampu ilinisumbua, na Letisia akanipita na baiskeli yake ya chuma akiniuliza, "Nikusubiri?" Nikamwambia, "Kimbia!" Nilipofika juu ya ule mteremko wa Matembwe nilitazama saa. Nilikuwa nimechelewa dakika kumi na mbili. Wanaume wawili walikuwa wanashuka kwa miguu, baiskeli mabegani. Mmoja akasema, "Dada, shuka, hapa ni kaburi."

Vidole vyangu vilikuwa kwenye breki, Mwalimu, na nilijua hesabu yake. Nikishuka hivyo, nafika salama na nje ya muda. Sikuikumbuka barua yako wala kipimajoto. Nilikumbuka kitu kimoja tu, kwamba mzee wa miaka sitini na saba alirudia mara tatu. Nikaachia.

Siwezi kukueleza mteremko ule kwa sababu sikuuona. Niliona mgongo wa Letisia, chini kabisa, na vumbi lake. Kufika kijijini nilikuwa nimezikomboa dakika tisa. Tulirudi pamoja, yeye mbele kwenye tambarare, mimi mbele kwenye milima, tukipokezana kukata upepo. Kilomita tano za mwisho akashikwa na misuli, akanipungia mkono niende.

Saa saba na dakika hamsini na moja. Hiyo uliisikia ikitangazwa, na uliona Mudy alivyowanyamazisha watu ili itangazwe tena.

Hukuona kilichotokea mezani. Wiliam, kijana mwandika muda, alikuwa na karatasi mbili. Ya wanaume ilikuwa na mistari hamsini. Ya wanawake alikuwa ameichora mwenyewe asubuhi, na chini ya neno "Wanawake" ilikuwa na mstari mmoja. Akaandika jina langu juu ya mstari ule, vizuri kabisa, kisha akaanza kuikunja.

Nikamwambia, "Usikunje. Nipe kalamu na rula."

Zilikuwa zimebaki dakika saba. Nikachora mstari wa pili, wa tatu, wa nne. Haukunyooka hata mmoja. Nilikuwa bado nimeinamia karatasi niliposikia watu wanapiga kelele barabarani wakimwita Letisia, na Wiliam akaniuliza, "Huyu anayekuja jina lake la pili nani?"

Hamisa Abasi